Ndama Aliyepelekwa Ofisi ya Kata

Kijijini, Ngara
11 Februari 2024

Mdogo wangu Desderius,

Marahaba. Najua shikamoo yako iko njiani, ingawa simu yako imezimwa tangu Krismasi. Nimekupigia mpaka yule mwanamke anayesema hupatikani nimeanza kumhesabu kama wifi yangu. Sasa naandika. Barua nampa kondakta wa basi la Biharamulo aiache dukani kwa Emilian hapo sokoni Nyakahura, maana uliwahi kusema sukari unanunua kwake. Karatasi haizimwi.

Sisi tu wazima. Maharage tumevuna machache kuliko mwaka jana, na migomba ya upande wa mtoni inanyauka. Shemeji yako mgongo bado unamsumbua, na unamsumbua zaidi siku za palizi. Binti yako Happy ameingia kidato cha pili. Anakaa hosteli ya shule, Jumamosi anakuja kumchotea bibi yake maji, na amerefuka hata sketi ya mwaka jana imekuwa ya kuchekesha. Mama macho yake yametulia tangu alipotibiwa. Na hapo kwa mama ndipo nilipotaka kufika.

Nilikwambia ana ng'ombe. Tangu alipoingizwa kwenye mpango wa ruzuku ya kaya maskini, kila malipo alitenga kidogo. Alianza na mbuzi, mbuzi wakazaana, akawabadilisha kwa mtamba mwenye mimba. Akampa jina la Ruzuku. Mwaka jana Ruzuku alizaa ndama jike, na sasa ndama ameachishwa kunyonya.

Jumatatu iliyopita mama alimwosha ndama huyo kwa sabuni ya kufulia, akamfunga kamba mpya, akavaa kitenge chake cha Pasaka na kumswaga mpaka ofisi ya kata. Hakuniambia mimi, hakumwambia mtu yeyote. Alikwenda kurudisha.

Unamjua mama. Kwake yeye ruzuku ni kugabirwa. Umepewa ng'ombe, umekuwa mtu wa aliyekupa; ng'ombe akizaa, ndama jike wa kwanza unamrudisha kwake, na hapo ndipo mnakuwa watu. Usiporudisha wewe ni mwizi, hata kama hakuna askari wa kukukamata. Serikali ilimpa, kwa hiyo ndama ni wa serikali.

Mtendaji alidhani ameleta kesi ya mifugo iliyokula mahindi. Alipoelezwa alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaona mama hacheki, akamwuliza jina, na yeye akaacha kucheka. Mama amenisimulia maneno yake kama alivyoyasikia: "Mama Niragira, wewe tulikutoa mwaka 2021, kwenye mkutano wa kijiji. Walisema nyumba yako ina bati. Hizo fedha unapewa na nani?"

Desderius, mimi nilikaa chini niliposikia. Wakati wa mkutano huo tulikuwa hospitali kwa ajili ya jicho lake, mimi na yeye. Aliyekuja kutuambia hakuna. Na kila baada ya miezi mitatu mama amekwenda kwa Venance, wakala wa simu hapo senta, akapewa fedha mkononi kwa kuwa hana simu. Miaka miwili na zaidi. Sasa ndiyo naelewa kwa nini jirani yetu Frida alianza kutununia. Alijua mama ameondolewa, kisha akamwona bado anapokea, akadhani tumehonga mtu.

Mama hali vizuri. Fedha iliyobaki ameitia kwenye kopo la maziwa na hataki liguswe. Anasema huenda amekula haki ya yatima, au ya marehemu, na siku yoyote polisi watakuja. Na ameapa hatalipa chakula cha Happy shuleni kwa fedha isiyo na mwenyewe. Kuna mama mfanyabiashara wa Mwanza anatafuta msichana wa kazi. Mama amesema shule ikifunga mwezi wa sita Happy aende huko.

Ni mtoto wako. Niandikie upesi unalofikiri.

Dada yako,
Bonifasia

---

Nyakahura, Biharamulo
3 Machi 2024

Dada Bonifasia,

Shikamoo, na umpe shemeji pole ya mgongo na ya palizi. Simu ilitumbukia kwenye birika la ng'ombe, nimeianika juani lakini haijataka kupona. Barua yako Emilian alikaa nayo wiki nzima akiningoja, maana sikushuka sokoni.

Mimi niko salama. Mahindi yangu ya ekari tatu yamesimama vizuri, watu wanapita wanauliza nimeweka mbolea gani. Mwaka huu Mungu akipenda nitajenga nyumba ya tofali. Mwambie Happy nimefurahi, na sketi baba yake atamnunulia.

Habari ya ndama imenishtua, kisha imenichekesha, kisha nikakosa usingizi. Nilimwona mama amesimama na ndama wake aliyeogeshwa mbele ya meza ya mtendaji, na nikaona aibu kana kwamba nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango nikichungulia.

Mimi nakushauri msichimbe. Ofisi zina mambo mengi, leo umefutwa, kesho umerudishwa, na aliyekurudisha hakumwambia mwenzake. Kama fedha imekuja kwa jina la mama ni ya mama. Ndama auzwe au afugwe, asirudishwe popote. Venance usimsumbue, ni kijana mwenye shughuli nyingi. Mama aende tu kwake Jumanne ya tarehe kumi na mbili, malipo ya Machi yatakuwepo.

Na habari ya Mwanza sitaki kuisikia. Happy asome. Nakuomba, dada, hilo ulisimamie kama mimi nipo.

Ndugu yako,
Desderius

---

Kijijini, Ngara
17 Machi 2024

Desderius,

Marahaba. Wote wazima, mvua imeanza, sina habari nyingine za kukupamba nazo.

Umejuaje ya tarehe kumi na mbili?

Nilisoma mstari huo nikiwa naosha vyombo, nikaacha vyombo. Nilikwenda kwa Frida, ambaye naye yumo kwenye mpango, na kumwamkia kwa lazima, nikamwuliza malipo ya Machi ni lini. Akasema hawajatangaziwa. Wanaopokea kweli hawajui, na wewe uliye Nyakahura na simu yako ndani ya birika unajua mpaka siku.

Basi nikaenda kwa Venance. Nilimkuta anauza vocha, nikasimama mbele ya dirisha lake mpaka wateja wakaondoka. Sikumpigia kelele. Nilimwambia tu kwamba mama yangu anaogopa polisi na amepungua mwili, na kama yeye amezaliwa na mwanamke aseme. Akasema. Serikali ilimpa mama mara mbili tu. Zote zilizofuata umetuma wewe, na yeye Venance akaapa kwako kwamba hatafungua mdomo. Usimlaumu, alilia.

Nilirudi nyumbani. Mama aliniona usoni, akaniuliza, na mimi kumdanganya mama sijawahi kuweza, unajua hivyo tangu tukiwa wadogo. Nilimwambia.

Alitoka akaenda kumtazama Ruzuku, akamzunguka na kumshika pembe na mkia, kama mtu anayetaka kununua. Aliporudi akasema, "Kumbe nimekuwa mtu wa mtoto wangu."

Nilidhani atavunja kopo lile. Nilikumbuka siku aliyoapa mlangoni. Baba aligabirwa ng'ombe Gaju na mzee Nkeshimana, akafariki kabla ya kurudisha ndama, na wewe ukamwuza Gaju akiwa na mimba ili upate mtaji wa kwenda machimboni. Mzee Nkeshimana hakudai kitu, alikuja kwenye arobaini ya baba akakaa na kuondoka, na hiyo ndiyo iliyomwua mama kwa aibu. Ndipo akasema fedha yako haitapita kooni mwake. Ulituma bahasha mara ya kwanza ikarudi, ukatuma tena ikarudi. Ukaenda Nyakahura, nikadhani umechoka na kutusahau. Nilikutukana moyoni, Desderius, kila nilipomwona Happy anavaa viatu vya kuazima.

Sasa mama hasemi fedha haitapita kooni. Anasema imekwisha pita, na aliyekula amekula. Ila anataka akurudishie ndama. Anasema ukimpokea kwa mkono wako, Happy atasoma na yeye ataendelea kupokea, bila kupitia kwa Venance, tena hadharani. Usipompokea, atauza ng'ombe na ndama, akutumie fedha yote, na Happy ataenda Mwanza.

Hayo ndiyo masharti. Njoo nyumbani umpokee.

Bonifasia

---

Nyakahura
14 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo. Pasaka tumeila salama, kulikuwa na misa hapa na Emilian alinialika wali. Natumaini nanyi mlikula.

Barua yako niliisoma dukani kwake mbele ya watu, nikajifanya nasoma bei za mbolea.

Venance alinipigia siku ile ile ya mkutano. Happy alikuwa darasa la sita. Ulitaka nifanye nini? Kama ningetuma kwa jina langu ingerudi. Nikafikiri, serikali imempa mara mbili na amepokea, basi acha iendelee kumpa. Sikujua atatenga. Sikujua atanunua mbuzi. Mimi nilituma ili ale, dada, nilitaka awe na sukari ndani. Kumbe nilikuwa natuma ng'ombe.

Ndama siwezi kumpokea, na usidhani ni kiburi. Unakumbuka baba alivyokuwa akimwamkia mzee Nkeshimana? Baba alikuwa mkubwa kwake kwa miaka mingi, lakini aligabirwa, kwa hiyo alivua kofia na kuanza yeye shikamoo. Nilikuwa mdogo na niliona ni jambo la kawaida. Sasa nafikiria mama asimame mbele yangu na kamba mkononi aniamkie. Mama aliyenibeba mgongoni mpaka zahanati nilipoungua. Nikipokea shikamoo hiyo sitakuwa mtu tena.

Tafuta maneno mengine. Mwambie Venance alikosea, mwambie mtendaji amemrudisha kwenye mpango. Tudanganye mara moja tu ya mwisho, mtoto asome.

Na kuja siwezi kwa sasa, kazi ya shamba ni nyingi. Wala msifikirie kuja huku, nyumba iko kwenye ujenzi, mafundi wamejaa, hakuna pa kulaza mgeni.

Desderius

---

Nyakahura
12 Mei 2024

Desderius,

Naandika nimekaa kitandani kwako.

Nasema kitandani, lakini ni fito nne na gunia. Hakuna ujenzi wowote. Mafundi sijawaona. Ekari tatu sijaziona. Nimeona kibanda cha nyasi nje ya zizi la mfugaji unayemchungia, sufuria moja, blanketi moja, na shati lako la kipaimara cha Happy limetundikwa ukutani limefunikwa mfuko lisiingie vumbi. Habari ya simu yako pia nimeipata. Haikutumbukia kwenye birika, Emilian anasema uliiuza kwa mtu wa sokoni siku tatu kabla ya Krismasi. Ndiyo sababu malipo ya Desemba yalichelewa kidogo na mama akasema serikali nayo ina sikukuu.

Naandikia juu ya goti, herufi utazisamehe.

Emilian ametueleza mengine yote, na hakutaka, tulimkalia dukani. Mfugaji anakulipa mtamba mmoja kwa mwaka wa kuchunga. Kila mwaka umemwuza kabla hajaingia zizini kwako, kwa sababu zizi huna. Unga unakopa. Mwaka wa jana uliumwa malaria humu ndani peke yako, na Emilian ndiye aliyekuletea uji.

Mimi nilikuwa nawaambia watu ndugu yangu ana mashamba Biharamulo. Mtendaji wa kata yetu akiingia humu, kaya ya kwanza ya kuandikwa ni ya kwako. Tulikuwa tunapewa ruzuku na mtu asiye na godoro. Nasema hivi nimekasirika, na nimekasirika kwa sababu sijui nifanye nini kingine na moyo wangu. Ungesema, hata kwangu mimi tu.

Nimeandika "ametueleza". Umeshajua niko na nani.

Barua yako ya Aprili nilimsomea. Ile ya kumdanganya mara ya mwisho nilijaribu kuiruka, akaona macho yangu yameruka, akaniamuru nirudi nyuma. Wiki iliyopita alikwenda kuongea na dereva wa fuso linalopeleka ndizi, na jana asubuhi nikamkuta amekaa mbele na dereva, ndama yuko nyuma juu ya majani ya migomba, ameoshwa tena. Ningefanya nini, nikapanda.

Mama alipofika hapa hakulia. Aliingia, akatazama, akatoka akavunja matawi na kufagia ndani na nje. Akakunja blanketi lako. Akakaa mlangoni juu ya jiwe, kamba mkononi, na hajaingia tena tangu jana. Amelala nje na ndama, mimi nimelala juu ya fito zako. Mke wa mfugaji ametuletea maziwa na kumsihi aingie kwao, amekataa kwa heshima. Anasema mgeni aliyekuja kurudisha haingii ndani kabla mwenyewe hajafika.

Wanasema mmehamishia ng'ombe malisho ya upande wa Nyamigogo na utarudi baada ya wiki mbili. Mama amesema atangoja. Ana miaka sabini na minne, Desderius, na usiku mvua ilinyesha.

Kwa hiyo nampa barua hii mchungaji mwenzako anayekuletea unga. Happy tumemwachia shemeji yako, na begi lake la Mwanza limefungwa. Mama alilifunga mwenyewe, na amesema atalifungua mwenyewe akirudi bila ndama.

Nilimwuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Alifikiri, akaweka kitenge chake sawa. Akasema, "Mwambie mwenye ng'ombe kwamba mtu wake amefika."

Bonifasia

---

Malishoni, Nyamigogo
13 Mei 2024

Dada,

Naandika nyuma ya karatasi yako kwa sababu sina nyingine, na mchungaji anataka kurudi kabla ya giza.

Nimesoma mara moja tu. Nimeshindwa kurudia. Nilikuwa nimeshika fimbo, sijui nimeiacha wapi.

Ng'ombe nimewaachia wenzangu, mfugaji akitaka anifukuze. Ndama nitampokea. Kisha tutapanda naye fuso hilo hilo, sote watatu, na nitamfikisha kwa mzee Nkeshimana kwa mkono wangu, hata kama nimechelewa miaka mitano na hata kama atanifungulia mbwa. Mwambie mama hivyo. Akikataa kumpeleka huko, basi tutabishana, lakini nyumbani.

Mwingize ndani. Mwambie mwenye nyumba amesema aingie, blanketi ajifunike. Akikataa, mwambie angalau akae, asisimame nikitokea. Nitapitia njia ya bondeni, kunapopambazuka atanisikia kabla hajaniona. Macho yake si mazuri kwa mbali, lakini masikio anayo.

Nitaanza kusema shikamoo nikiwa bado huko chini, na nitaisema njia nzima mpaka mlangoni, ili asiniwahi.

Desderius